Fungu la Maskini wa Malebrune

Jua la Januari katika nchi ya Berry, Ufaransa, halizami. Hufifia tu, kama mgonjwa aliyechoka kuaga. Gari la Gaétan lilipoacha kasri la pili la siku ile, ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka mabwawani, na mama yake, Bibi Marceline, aliyekaa nyuma na mjukuu wake, akadhani sasa wanarudi nyumbani.

Hawakurudi.

"Liko moja tu hapa mbele," Gaétan alisema. "Malebrune. Wenyewe hulifungua Jumapili ya Wafalme peke yake, hii ya kuwakumbuka Mamajusi, mwaka mzima. Tukilikosa leo ndiyo basi."

"Thitaki kathri lingine!" alilia Apolline.

Alikuwa na miaka sita. Meno mawili ya mbele yalimtoka wiki ya Krismasi, yakamwachia kithembe kilichomchekesha bibi yake na kumkera baba yake.

"Sema vizuri."

"Ndiyo nathema hivyo! Na njaa inauma thana."

"Mwache mke mwenzangu," Marceline alisema. "Meno yake yako kwa panya. Panya hana haraka."

Sabine, mke wa Gaétan, hakuinua macho kwenye simu yake. Mkate na jibini vilikuwemo humo humo garini, ndani ya kikapu, lakini Gaétan hakutaka makombo kwenye viti. Kila likizo ilikuwa hivyo. Wenzao walikwenda baharini, wao walikwenda kwenye makasri. Gaétan alijua mfalme gani alilala kitanda gani, na alilala na nani. Binti yake anaogopa nini taa ikizimwa, hilo hakulijua.

Malebrune lilikuwa mnara mmoja na paa lililobonyea mgongo. Hapakuwa na gari lingine uani. Alipotoka, Marceline alisikia harufu ya majivu baridi na sufi mbichi, kama kondoo aliyenyeshewa. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na kondoo.

Mtunza kasri alikuwa mwanamke wa makamo, Fernande, mwenye aproni na funguo kiunoni. Aliwapitisha moja kwa moja jikoni, kwani vyumba vingine, alisema, vimebaki vya popo. Moto ulikuwa unawaka kwenye jiko la mawe ambalo ng'ombe mzima angeingia. Kulikuwa na meza ndefu, kitambaa chake kikigusa sakafu. Juu yake palikuwa na mkate wa Wafalme, duara, wa rangi ya dhahabu, umejazwa lozi, pamoja na taji la karatasi. Ndani ya mkate, kama desturi, kulifichwa kijisanamu kidogo cha kaure. Anayekipata ndiye mfalme wa siku.

"Kaeni mpate joto. Mko wanne," Fernande alisema, "basi ukateni mafungu matano. La tano mliweke pale."

Alionyesha tundu ukutani, kando ya mlango, chini sana, usawa wa goti la mtu mzima. Lilikuwa na kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kama kijiko cha zamani.

"Tundu la maskini!" Gaétan alifurahi, akapiga magoti kulichungulia. "Mabaki ya chakula yalipitia hapa kwenda nje. Sabine, njoo uone. La asili kabisa hili!"

"Kwetu pia fungu la maskini liliachwa," Marceline alisema taratibu. "Marehemu mama hakukubali mtu aliguse."

"Mama yako alikuwa na akili," Fernande alimjibu. Kisha akasimulia, macho yake motoni. Zamani za babu wa babu zake baridi iliua ngano ardhini. Watu wakala magome ya miti. Jioni ya Wafalme, bwana wa Malebrune alikuwa na wageni, akaona aibu wageni wakila huku mikono ya njaa imejaa tunduni. Akaamuru tundu lizibwe kwa ubao. Asubuhi walipouondoa walikuta mkono mmoja tu. Mdogo. Umeganda.

"Wa nani?" Sabine aliuliza.

"Nani angeuliza jina? Wa mtoto." Akajipangusa kwenye aproni. "Naleta kuni. Kuleni. Lakini la tano..."

Hakumaliza. Akatoka.

Basi kila nyumba ya Ufaransa hufanya hivi: mdogo kuliko wote huingia chini ya meza, asione kitu, na mkubwa akishika kisu huuliza fungu hili la nani. Mtoto hutaja. Kwa hiyo hakuna upendeleo, na kijisanamu humwendea kiliyemtaka. Apolline aliinua kitambaa, akatambaa, akamezwa na giza la chini.

"Hili la nani?" Gaétan aliuliza.

"La bibi!"

"Hili?"

"La mama!"

"Na hili?"

"La baba. Na hilo linalofuata langu, baba, upethi, njaa!"

Wakacheka. Hata Sabine alicheka.

Likabaki la tano. Gaétan alilinyanyua kwa ncha ya kisu, akapaza sauti ya mchezo: "Na hili... la naaani?"

Moto ukapasuka.

Kisha sauti ikatoka chini ya meza. Lakini haikutokea upande wa Apolline. Ilitokea mwisho wa meza, kule kwenye tundu.

"Langu. Sasa."

Sauti safi. Haikuwa na kithembe.

Ile harufu ya sufi mbichi ikapanda, ikamjaa Marceline kooni.

"Mlafi wewe!" Gaétan alicheka. "Lako si umeshataja? Maskini wa leo wana mafuta mwilini kuliko mimi."

"Gaétan, liweke tunduni," mama yake alisema.

"Mama, hii ni hadithi ya kuuzia tiketi."

"Mwanangu, liweke."

Akalitia mdomoni. Akalimaliza kwa mara mbili, amesimama, shavu limetuna. Ghafla akasita, akatoa kitu kati ya meno yake. Kijisanamu cha kaure.

"Mfalme!" alipiga kelele, akajivika taji.

Fernande aliingia na kuni. Aliangalia tunduni. Akaangalia sahani. Kuni zikamponyoka.

"Nani amekula?"

"Mfalme wako, bibi!"

"Mwiteni mtoto wenu." Midomo yake ilikuwa haina damu. "Kwa jina lake. Sasa hivi!"

"Apolline," Sabine aliita. "Toka."

Sabine akainuka kitini.

"Apolline!"

Kitambaa kikainuka taratibu. Kwanza mkono, kisha kichwa. Alikuwa na koti lake lile jekundu, nywele zake zile, na pengo lake lile. Alisimama akamtazama kila mmoja, polepole, kama mtu anayehesabu. Kisha akakaa kwenye kiti cha Apolline akaanza kula. Alikula lake. Akala la bibi. Akaokota makombo kwa kidole kilicholowa mate, moja moja, mpaka meza ikang'aa.

"Afadhali," Gaétan alisema. "Leo anakula."

Mlangoni, Fernande alimshika Marceline mkono. Alinong'ona upesi, akikwepa kumtazama mtoto.

"Aliyenyimwa fungu huchukua kiti cha aliye chini ya meza. Na aliyeporwa kiti hubaki nje, akiomba fungu. Akitajwa jina kutoka chini ya meza, na fungu lake lisiguswe usiku kucha... mama yangu alisema hurudi. Sijui. Sijaona."

"Na asipotajwa?"

"Hungoja mwingine ale fungu lake. Kama huyu alivyongoja."

Nyuma yao moto ulizimika. Walipokuwa wanaondoka, Marceline aligeuka kwenye kioo cha gari. Chini ya ukuta, penye tundu, palikuwa na kitu chekundu. Au ni ukungu. Au ni macho ya kizee.

Aliushika mkono wa mtoto aliyekaa kando yake. Ulikuwa baridi kama chuma cha kisima.

*

Nyumbani kwa Gaétan, huko Bourges, wazazi walifurahi. Mtoto hakulia tena taa ikizimwa. Hakukataa makasri. Alikula kila alichopewa, akasema asante, na kithembe kikamtoka kwa siku moja.

"Malebrune limemfundisha adabu," Gaétan alisema kwa watu.

Marceline, aliyeishi nao tangu mumewe afe, ndiye aliyefua mashuka. Ndiye aliyekuta vipande vya mkate chini ya mto, maganda ya viazi ndani ya soksi, mfupa wa kuku umefungwa kwenye leso kama dhahabu. Mtoto alimtazama akivitoa. Machozi yalimtoka tu, bila sauti.

Marceline akavirudisha vyote mahali pake.

Jioni moja ya Februari alikuwa jikoni peke yake, anamenya vitunguu. Mlango wa nyuma ulikuwa na kijimlango cha paka, chini. Paka mwenyewe alikufa zamani.

Kijimlango kikatikisika.

Kikatulia.

Kikatikisika tena... na vidole vinne vikaingia, vidogo, vya bluu.

"Bibi... baridi thana."

Kisu kilimwanguka. Alipiga magoti, akavishika vidole, akavuta, akafungua mlango kwa mkono mwingine. Nje palikuwa na barafu tupu ya uani. Hapakuwa na alama ya mguu. Mkononi mwake mlibaki maji.

Alimwambia Gaétan jioni ile ile. Alimwambia yote. Mwanawe alimsikiliza akiwa amefungua kitabu chake cha makasri gotini.

"Mama, mtoto yuko chumbani kwake."

"Yule si Apolline."

"Mama."

"Mimi nimemwogesha tangu azaliwe, Gaétan! Wewe ulikuwa unapiga picha kuta!"

Wakamleta daktari. Daktari alikuwa mpole. Aliandika dawa, akawaambia wasibishane naye, wala wasimkubalie.

Kwa mwaka mzima Marceline aliacha chakula kwenye kijimlango. Supu, tufaha, maziwa ya moto. Hakikuguswa. Anayeomba fungu hashibi sadaka nyingine. Kila jioni ya baridi vidole vilikuja, na kila mara neno ni lile lile.

Ikafika Jumapili ya Wafalme.

Safari hii walikata mkate nyumbani. Gaétan akashika kisu. Sabine akamwashiria mtoto aingie chini ya meza. Hapo Marceline alisukuma kiti chake nyuma, akapiga magoti yake ya miaka sabini na tisa, akainua kitambaa, akaingia yeye.

"Mama, jamani!" Sabine alisema. "Mama, utaumia!"

Giza. Harufu ya sufi mbichi. Yule mtoto alikuwa ameshaingia kutoka upande wa pili. Macho yake yalikuwa karibu kabisa na ya Marceline.

"Utamtaja yeye," mtoto alinong'ona.

"Nitamtaja."

"Akirudi yeye, bibi, mimi narudi wapi?"

Marceline alifungua mdomo. Mkono baridi ulimshika kidole gumba, kama watoto wachanga wanavyoshika.

"Hili la nani?" Gaétan aliuliza juu, kwa sauti ya mtu anayevumilia.

"La maskini," Marceline alisema. "La Apolline wangu. Yuko nje."

Alitoka, akachukua fungu lile, akaliweka kwenye sahani mbele ya kijimlango cha paka, akaketi sakafuni kulilinda. Wakamwacha. Daktari alisema wasibishane. Nje, kitu kilikwaruza ubao taratibu, kama paka anayejua kwamba atafunguliwa.

"Ngoja, mke mwenzangu," alinong'ona. "Usiku mmoja tu. Ngoja bibi akuletee blanketi. Ukiingia utakuwa umeganda."

Alikwenda chumbani. Chumbani na kurudi, ni muda wa kukunja blanketi.

Sahani ilikuwa tupu.

Yule mtoto alikuwa amesimama kando yake. Marceline hakujijua; mkono ulikuwa umeshapanda hewani kumpiga kofi.

"Sikula mimi." Mtoto hakukwepa. "Njaa naijua mimi, bibi. Kula ningekula kila kitu humu ndani, lakini si hicho. Amekula baba."

Sebuleni Gaétan alikuwa anapangusa unga wa mkate kwenye shati. Kitabu cha makasri kilikuwa wazi mezani.

"Chakula hakitupwi, mama," alisema bila kugeuka. "Na daktari kasema tusikukubalie."

Mwenye shibe, wahenga walisema, hamjui mwenye njaa. Hawakusema kwamba huyo mwenye shibe huweza kuwa umemzaa wewe.

Kukwaruza kulikoma. Marceline alilala kwenye sakafu ya jikoni, sikio lake kwenye kijimlango, na alichokisikia ni miguu midogo ikiondoka juu ya barafu. Haikukimbia.

Kabla ya Pasaka walimpeleka nyumba ya wazee.

*

Nyumba ile ilikuwa na ukumbi wenye joto, harufu ya kabichi na madirisha yasiyofunguka. Gaétan alikuja mara chache. Sabine hakuja, na hakutaka mtoto amwone bibi aliyerukwa na akili. Marceline hakubishana. Alimeza dawa. Aliwachekea wauguzi. Alifuma kofia nyekundu ya sufi, akaifumua, akaifuma tena, kubwa zaidi kidogo. Na kila jioni ukungu ulipopanda alikaa dirishani, akasikia ukucha kwenye kioo, chini kabisa.

Maneno ya Fernande aliyatafuna mwaka mzima, kama mtu asiye na meno anavyotafuna mkate mkavu. Njia zilikuwa mbili. Ile ya kulinda fungu usiku kucha, Gaétan alikuwa ameshaila.

Jumapili ya Wafalme familia ziliruhusiwa kula na wazee wao, kila familia na meza yake. Gaétan alikuja peke yake na mkate mkubwa wa lozi. Alikuwa amenenepa. Alieleza kasri walilolitembelea wakati wa Krismasi, ngazi zake, mahandaki yake.

"Mtoto hajambo?" Marceline aliuliza.

"Mzima. Anakula sana. Anakuulizia, ujue."

"Ananiulizia nini?"

"Ati, bibi ameshapata jibu?" Akainua mabega. "Watoto."

Marceline alichukua kisu, akakata mafungu matatu.

"Tuko wawili, mama."

"Na la maskini."

Gaétan alishusha pumzi. Akatazama saa yake. "Haya. La maskini."

"Nani ataingia chini ya meza?" mama yake aliuliza. Akatabasamu, tabasamu lile la zamani lililokuwa likimfanya avae viatu akiwa mdogo. "Mdogo kuliko wote mezani ni wewe, mwanangu."

"Mimi? Na tumbo hili?"

"Marehemu baba yako alikuwa akifurahi sana ukiingia. Ulikuwa hukai hata kidogo, unachungulia."

Meza za jirani zilianza kucheka. Muuguzi mmoja alipiga makofi. Gaétan akawaka uso, akacheka naye, akavua koti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma mama yake zaidi. Alipiga magoti. Kwa kitambo kidogo kichwa chake kilikuwa karibu na paja la mama yake, nywele zimepungua utosini, na mkono wa Marceline ukazipapasa wenyewe.

"Ingia, baba," alimwambia.

Kitambaa kikashuka nyuma yake.

"Hili la nani?"

"La mama!" sauti yake ilisema chini, nzito, yenye kicheko.

"Na hili?"

"Langu! Uharakishe, kuna baridi huku chini... Mama, nani kaacha dirisha wazi?"

Harufu ya sufi mbichi ikapanda mezani.

Marceline alilinyanyua fungu la tatu kwa ncha ya kisu.

"Na hili la nani?"

Kisha sauti ikatoka mwisho wa meza, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Langu, bibi."

Yeye, binti wa mwanamke ambaye hakukubali mtu aliguse fungu la maskini, alilitia mdomoni. Lilikuwa tamu. Alilitafuna lote. Kitu kigumu kikamgonga ufizi. Akakimeza pamoja na machozi.

Chini ya meza kitu kilijigonga mara moja kwenye mguu wa kiti. Basi.

"Gaétan," aliita. Alingoja. Hakuita mara ya pili. "Apolline?"

Kitambaa kikainuka taratibu. Ukatoka mkono mpana wenye pete ya ndoa, ukafuatiwa na utosi wenye nywele chache. Mwanamume yule alisimama, shati lake limetoka suruali. Alijitazama mikono, mbele na nyuma. Akajitazama tumbo. Midomo ikaanza kumtetemeka, kama ya mtoto aliyeamka nyumba ya watu.

Kwenye kioo cha dirisha, chini kabisa, kitu kizito kilianza kupiga. Si kwa ukucha. Kwa ngumi.

Marceline hakugeuka. Alitoa ile kofia nyekundu mfukoni, akainuka, akaivuta juu ya kichwa kile kikubwa. Haikufika masikioni.

"Bibi," lilisema lile jitu kwa sauti nzito ya mwanawe, "njaa inauma thana."